Mkono wa Gauni la Shaba

Jioni ile nilikuwa napeleka aproni za wahudumu wa mgahawa ulio upande wa pili wa uwanja wa manispaa. Aproni tu, nyeusi, zenye mfuko mmoja mbele. Mwenye mgahawa alikuwa ananipigia simu tangu mchana, na mimi namjibu kwamba zimebaki vifungo, ingawa aproni zile hazikuwa na vifungo. Hilo ndilo jibu la mafundi wote. Yeye analijua, na mimi najua kwamba analijua.

Njia ya mkato hupita katikati ya uwanja, mbele ya Gauni.

Nieleze kwanza Gauni ni nini, maana si kila mtu amefika pale. Ni sanamu. Manispaa walimpa msanii mmoja kazi ya kuweka kitu kipya mahali palipokuwa na bomba la maji lililokauka. Watu walitarajia kuona bwana mkubwa wa zege ananyoosha kidole. Wakaona gauni. Gauni la shaba, refu, kimo cha mwanamke mrefu, limesimama peke yake juu ya jiwe. Halina kichwa wala miguu. Mikono yake imetokeza mbele, mitupu, na shingoni kuna shimo jeusi. Lakini limejaa. Kifua kipo, kiuno kipo, goti moja limesukuma kitambaa, kana kwamba aliyelivaa ametoka sasa hivi na nguo bado haijapata habari.

Mwanzoni watu walilicheka. Kisha wakalizoea, wakazua na mchezo: unatia mkono wako ndani ya mkono wa gauni, unamsalimia bibi, unapigwa picha. Wanafunzi, maharusi, wageni. Shaba ya ukingoni mwa mkono wa kulia ilikuwa imeng'aa kwa kusalimiwa.

Mimi sikuwahi kulisalimia. Na lile gauni nililishona mimi.

Nyumbani nilikuwa nimemwacha mdogo wangu kitandani. Sote tunamwita Njiti, kwa urefu na wembamba wake. Yeye ndiye aliyelivaa gauni lile Msanii alipokuwa analitengeneza, na tangu sanamu izinduliwe alikuwa anapoa. Sijui nisemeje vizuri zaidi. Hakuwa na homa, hakukohoa, vipimo vyote vya hospitali vilikuwa safi. Alikuwa anapoa tu, kuanzia vidoleni, na kuzidi kuwa mzito. Asubuhi ile nilishindwa kumgeuza peke yangu, ikabidi nimwite jirani, na Njiti ni mtu ambaye upepo wa feni ulikuwa unamsumbua.

"Dada," alininong'oneza jirani alipotoka, "waambie waache kunishika mkono."

"Nani wanakushika?"

"Watu... Kutwa nzima. Wananishika, wananiachia."

Nilimwambia alale. Nikaenda kushona aproni za watu, na maneno yake yakashona na mimi kutwa.

Ndiyo maana, nilipofika mbele ya Gauni jioni ile, miguu ilisimama yenyewe. Watu walikuwa wameanza kupungua. Mlinzi wa uwanja alikuwa mbali, anafunga choo. Taa zilikuwa bado hazijawaka. Nikajiambia: mama mzima wewe, tia mkono, toa mkono, nenda zako.

Nikatia.

Baridi. Baridi ya kawaida ya shaba jioni. Nikasukuma mkono hadi kiwiko. Harufu ikanijia kutoka kwenye shimo la shingo: kafuri. Na nyuma ya kafuri, mafuta ya nywele ya Njiti.

Nikataka kuutoa mkono.

Kitu kikaushika.

Si kwa nguvu. Vidole vyembamba vilipapasa kiganja changu, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Halafu ukucha mmoja ukanikwaruza. Mara mbili.

Ishara ile niliijua.

Tulipokuwa wadogo, mimi na Njiti tulilala kitanda kimoja, na mama hakutaka kusikia sauti taa ikishazimwa. Kwa hiyo tulikuwa na ishara yetu. Unamshika mwenzio mkono, unamkwaruza kiganjani mara mbili: umelala? Naye kama yuko macho anakukwaruza mara moja: bado. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua jambo hilo. Hata mama.

Ukucha ukarudia. Mara mbili...

Umelala?

Sikumbuki nilivyouchomoa mkono. Aproni zilifika, hilo najua, maana mwenye mgahawa alinilalamikia baadaye kwamba nilizibwaga mlangoni bila hata salamu.

* * *

Nilimkuta Njiti macho, anatazama dari. Nikakaa kitandani.

"Siku ile ya kuvaa gauni," nikamwuliza, "Msanii aliufungaje mgongo?"

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Msanii alikuja dukani kwangu na kitambaa chake mwenyewe, pamba nzito, nyeupe iliyogeuka manjano kwenye mikunjo, inanuka kafuri. Nilipomwuliza ni ya nani, alisema, "Ya nyumbani." Akanieleza kazi yake. Gauni litalowekwa kwenye nta, lifunikwe kwa udongo, litiwe tanuruni. Nguo itaungua na kuacha nafasi yake ndani ya udongo, kisha shaba iliyoyeyuka itamiminwa ijaze nafasi ile. Kila mshono utaonekana. Nilivimba kichwa, sitaficha. Mishono yangu itakaa mjini muda mrefu kuliko mimi. Mgongo tu ndio aliotaka niuache wazi, kutoka shingoni hadi kiunoni. Alisema atajua la kufanya. Siku ya kulivaa nilikuwa na sare za shule hadi juu ya kichwa, sikwenda.

"Aliushona," Njiti akasema.

"Ukiwa umelivaa?"

"Eeh. Kwa mkono. Alisema zipu itaharibu mkunjo."

"Halafu akafumua."

Nilisikia pumzi yake inapanda kwa taabu.

"Nta ilikuwa imeanza kukauka, dada. Hakutaka kuharibu umbo. Alilining'iniza mabegani kwa waya, akaniambia nivute mikono ndani, nichuchumae... nitokee chini. Nilicheka sana. Yeye hakucheka."

Mama yetu alikuwa fundi, na sheria zake zilikuwa chache. Moja ilikuwa hii: usimshonee mtu nguo ikiwa mwilini mwake. Ikibidi, piga bandi mbili tatu, mishono ya muda tu, umalize haja yako, kisha fumua hapohapo, kabla hajavuka mlango. Na afumue yuleyule aliyeshona, kwa sababu mwingine hajui kimefungwa nini. Tuliona anatutania. Lakini nimeifuata maisha yangu yote bila kufikiri, vile mtu anavyofunga mlango kabla ya kulala.

Njiti alishonewa ndani. Na hakufumuliwa. Alitokea chini.

Nilimshika mkono. Ulikuwa mgumu, wa baridi, na ukingoni mwa kidole gumba ngozi ilikuwa imeng'aa.

* * *

Kesho yake mchana nilikwenda karakana ya Msanii. Ni mtu mpole, sauti ndogo, mikono imebabuka kwa moto. Alikuwa anapiga msasa kipande cha shaba na hakuacha nilipoingia.

"Nimekuja kukuomba ufumue mgongo wa gauni," nikamwambia.

"Ni shaba ile, fundi."

"Weka wembe tu, hata kwa kuigiza. Wewe ndiye uliyeshona. Mdogo wangu anakufa."

Msasa ukaendelea. Shwa... shwa... Ukutani palikuwa na picha moja tu, ya mwanamke mrefu aliyempa mpiga picha mgongo.

"Nilitafuta sana mtu wa kimo chake," Msanii akasema. "Mdogo wako ni sawasawa. Hata mabega."

"Kimo cha nani?"

Alipuliza vumbi juu ya shaba yake, akalitazama likishuka.

"Huwa nakwenda kila jioni kumsalimia," akasema. "Alikuwa kimya muda wote. Sasa ndiyo kwanza anaanza kuitikia. Kwa nini nifumue?"

Nilitamani kumpiga kwa chochote kilichokuwa karibu. Nikageuka niondoke. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema, taratibu kama mtu anayekukumbusha mwavuli wako:

"Ila sitakuzuia. Uzi nimeuacha nje."

Jua lilikuwa linazama nilipofika uwanjani na wembe wangu wa kufumulia. Mlinzi akanisalimia.

"Leo na wewe, mama? Yule bwana mwenye sanamu hajaja leo. Na siku zote hakosi."

Nikamwambia nataka kuangalia mishono yangu. Akaniacha, akaenda kuwasha taa za upande wa pili.

Nikazunguka nyuma. Mishono ya Msanii niliitambua mara moja: mikubwa, isiyolingana, ya mwanamume aliyejifunza kushona kwa kutengeneza mashati yake mwenyewe. Yote ilikuwa shaba. Nikaweka wembe, ukateleza na kutoa mlio wa kukera meno. Nikashuka kwa kidole, mshono kwa mshono, shingoni, mgongoni, hadi kiunoni.

Pale kidole kikagusa kitu laini.

Uzi.

Uzi wa kweli, mweupe, umechomoza katikati ya shaba. Ulipita kwenye tanuru na haukuungua. Na ulikuwa na uvuguvugu.

Sheria ya mama niliijua. Afumue aliyeshona. Nilisimama na ncha ya uzi vidoleni, nikaiwaza, nikamwaza na Njiti, pumzi zake zilivyokuwa zinapanda asubuhi kama mtu anayebeba gunia ngazini. Nikapiga moyo konde. Nikavuta.

Tik.

Ulikuja. Mbichi, na uvuguvugu wake.

Tik... tik...

Mishono ikawa inaachia mmoja mmoja kuelekea juu, na kila mmoja ulipoachia, ndani ya gauni kitu kilishusha pumzi. Harufu ya kafuri ikanijaa puani hadi machozi yakanitoka. Nilivuta na kuuviringisha uzi mkononi, navuta naviringisha, mikono inafanya kazi iliyozoea. Wa mwisho uliachia pale shingoni. Shaba ikalia, ufa mwembamba ukafunguka kutoka juu hadi kiunoni.

Pumzi zikakoma humo ndani.

Halafu kitu kikanipita. Karibu sana. Nilisikia pindo la nguo likinigusa vifundo vya miguu.

Tochi ya mlinzi ikanimulika.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "nani huyo aliyepita?"

"Nani?"

"Huyo mrefu."

* * *

Nilifika nyumbani mbio, roho mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Jirani alikuwa sebuleni analia kwa furaha, na jikoni, wima, kikombe mkononi, alikuwa amesimama Njiti. Anakunywa maji. Mashavu yamepata rangi. Nilimkumbatia, na alikuwa na joto, joto zuri la mtu mzima wa afya, nami nikalia kwa sauti bila aibu yoyote.

Aliniondoa kifuani taratibu, akanitazama usoni, kisha begani, kisha mikononi, jinsi mteja anavyokagua nguo kabla ya kuichukua.

"Asante, fundi," akasema.

Jirani akacheka. Na mimi nikacheka. Njiti hajawahi kuniita fundi maisha yake yote, lakini ni mtu wa utani, hana dogo, na mtu aliyeponea chupuchupu anaruhusiwa kutania.

Siku zikapita na kicheko kikaniisha. Alikuwa hajui vikombe vinakaa kabati gani. Daktari akasema mtu aliyeugua sana husahau. Alianza kukunja nguo zake na kuzitilia kafuri. Nilipomwuliza kafuri kaitoa wapi, alisema ameipenda tu harufu yake. Alishika sindano, yeye ambaye tangu utotoni alikuwa ananicheka kwa kuishi na pini mdomoni, akabandika kifungo kwa mishono mikubwa isiyolingana. Kifungo cha shati la mwanamume. Maana Msanii alikuwa ameanza kuja dukani, leo na shati, kesho na suruali, anakaa kwenye benchi na kunywa chai anayoletewa na Njiti. Hawakuwa wanaongea. Walikaa tu kama watu waliokwisha kuambiana yote zamani.

Siku moja taa ilipozimwa nilikwenda kukaa kitandani mwake. Nikamshika mkono. Nikamkwaruza kiganjani mara mbili.

Alicheka kidogo gizani.

"Mbona unanitekenya?" akauliza.

Nilirudi chumbani kwangu na kujifunika shuka hadi kichwani, na umri wangu huu.

Jioni iliyofuata nilikwenda kwenye Gauni. Manispaa walikuwa wamelizungushia kamba. Mlinzi akanieleza kwamba wamesema ufa umeletwa na jua, na kwamba fundi wa kuchomelea atakuja keshokutwa asubuhi kuuziba. Msanii, akasema, haonekani tena kabisa. Nikapita chini ya kamba, nikatia mkono hadi kiwiko, nikasubiri.

Hakukuwa na kitu. Baridi tu. Nikasubiri mpaka bega likaniuma...

Ukucha.

Dhaifu sana. Mara mbili.

Nikajibu mara moja. Bado, mdogo wangu. Bado. Na kile kilichokuwa humo ndani kikanishika kidole gumba, kikaking'ang'ania, ikabidi nikichomoe kwa nguvu nikiwa nalia.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa najua la kufanya. Karatasi za vipimo vya gauni lile ninazo. Uzi ule ninao, nimeuviringisha na kuuficha chini ya cherehani. Aliyefunguliwa kwa kufumua atarudi kwa kushona, na aliyebaki ndani atapata nafasi ya kutoka kabla shaba haijazibwa. Hivyo ndivyo nilivyopiga hesabu. Mama hakunifundisha hilo. Nililikata mwenyewe, bila kipimo.

Nilishona kutwa nzima. Gauni jeupe, refu, mgongo wazi. Jua lilipoanza kushuka nikamwita.

"Njoo ujaribu, nimekushonea zawadi."

Alilivaa, akapanda juu ya kigoda mbele ya kioo. Likamkaa. Nje, kwenye benchi, nilimsikia Msanii akikohoa.

"Mgongo je?" akauliza.

"Zipu haijafika. Nitaufunga kwa mkono, mara moja tu."

Alinitazama kupitia kioo kwa muda. Halafu akatabasamu, akageuka, akanipa mgongo kama yule mwanamke wa pichani.

"Shona taratibu, fundi," akasema.

Nikatunga uzi. Vidole havikutaka, lakini nikatunga. Na hapo ndipo, sindano ikiwa imegusa kitambaa, likanijia jambo ambalo nilipaswa kuliwaza mapema. Jioni ile ya kwanza, Njiti alikuwa nyumbani kitandani, mgonjwa lakini hai, ananiita dada. Basi mkono ulionikwaruza uwanjani ulikuwa wa nani? Na ishara yetu uliijulia wapi? Kama kilichomo mle ndani kilijifunza kwake, kikaniita mara ya kwanza ili nikifumue, basi jana kimeniita ili nini? Na huyu aliyesimama mbele yangu, je, si Njiti tu, aliyeugua sana na kusahau, kama daktari alivyosema?

Nilitaka kusimama. Nasema kweli tupu. Lakini mkono umeshona miaka mingi kuliko kichwa kilivyofikiri, na ulikuwa umeshaanza. Sindano ikazama, ikatokea upande wa pili, uzi ukaifuata.

Tik.

Yeye hakugeuka. Alirudisha tu mkono wake nyuma, ukatafuta, ukanipata kiganja cha kushoto kilichokuwa kimeshika kitambaa. Ukucha wake ukanikwaruza.

Mara moja.